Barua kwa mwanangu: kura yako na dini yetu

Mwanangu, asalaam aleikum. Voisi yako nimeisikiliza baada ya isha, nikaona bora nikuandikie maana mimi kwenye simu unanijua, naongea nasahau nusu. Umeuliza kwamba kwenye grupu lenu huko Mwanza kuna mtu kasema Muislamu akimpa kura Mkristo akamuacha Muislamu mwenzake anapata dhambi, sasa baba ni kweli?

Hapana. Mimi si sheikh, ila kwa ninavyoielewa dini si dhambi, na ngoja nikueleze naegemea wapi.

Mtume (s.a.w.) alipohama Makka kwenda Madina, watu wanamsaka wamuue, aliyemwonyesha njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, na huyo bado alikuwa kwenye dini ya Makuraishi, hajasilimu. Waislamu walikuwepo, lakini njia ile huyu ndo alikuwa anaijua na alikuwa mtu wa kuaminika, basi akakabidhiwa ngamia na roho za watu juu. Halafu kuna Abu Dharr, huyo ni swahaba, mcha Mungu usipime, akamuomba Mtume apewe madaraka akanyimwa, akaambiwa wewe ni dhaifu na hiyo ni amana, na Kiyama itakuwa majuto kwa asiyeichukua kwa haki yake. Iko kwenye Sahih Muslim, waambie wenzio wakasome. Sasa kama Abu Dharr kanyimwa, huyu mgombea wetu ambaye kanzu tunaiona wiki ya kampeni tu atapewaje kwa sababu ya jina?

Lakini usimdharau huyo jamaa wa kwenye grupu, lina mzizi hilo. Wakati wa mkoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, wazee wetu wengi walibaki na madrasa tu, na hilo pengo limetufuata mpaka maofisini. Mimi sikatai hayo malalamiko, nakataa dawa yake. Ukimchagua mtu kwa dini na jirani naye akamchagua wa kwake kwa dini, tumebaki kuhesabiana vichwa, na nchi hii kwa makusudi sensa haijauliza dini ya mtu tangu ile ya 1967, na sheria ya vyama ya 1992 imekataza chama cha dini moja. Kuna watu wanakereka na hilo, mimi naona walituokoa.

Na kwetu Haubi, kule Kondoa, mbona ulikuwa unaona yale makorongo tukienda kumsalimia bibi yako, ardhi imepasuka nyumba inazama humo. Serikali ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973 ila tulipoishika habari yake vizuri ni 1979, mifugo yote ikaamriwa itoke kwenye yale maeneo yaliyoharibika, wazee walilia mwanangu, ng'ombe ndo benki yao. Wakatoa wa msikitini na wakatoa wa kule misheni, maana maji ya mvua yakishuka mlimani hayaulizi shamba la nani, ukigoma wewe mmoja mchanga wako unamfukia mwenzio wa bondeni. Miaka ikaenda nyasi zikarudi, miti ikarudi. Walionewa? Wapo waliosema hivo na amri ilikuwa kali kweli, mimi mwenyewe nadhani wangekaa na watu kwanza. Ila ule mzigo ulikuwa wa wote na ulibebwa na wote.

Ndo maana kwangu kura ni kipande kidogo tu. Hapa mtaani kwetu Dodoma siku ya uchaguzi foleni ndefu, watu wanasukumana, ukija mkutano wa mtaa wa kusomewa mapato na matumizi tupo wazee na akina mama wachache na kuku wanapita katikati ya viti, hao vijana wa kubishana dini ya mgombea hata mmoja humuoni. Unamchagua mtu halafu humuulizi hela ya mfereji imeenda wapi, hiyo amana umeilinda saa ngapi.

Kwa hiyo piga kura kwa yule unayeona ataiweza kazi, awe Muislamu awe Mkristo, na usiniambie umempa nani. Na huyo jamaa muulize kwenye grupu, kwa adabu lakini, huyo ndugu yetu akishinda mkutano wa mapato na matumizi ataitisha lini? Akikujibu nitumie.

Mama yako anakusalimu, anasema zabibu zimeshaanza kushuka bei.

Baba yako