Mkuu, usimpe huyo dalali laki na nusu (kibali cha kuegesha mtaani, Mwanza mjini)

Usitoe hiyo hela. Kama umeshatoa nusu, iliyobaki isitoke mfukoni. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, nikashindwa kusubiri nifike ng'ambo ndipo niandike.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mtoa mada kapanga chumba ghorofani karibu na Pamba, nyumba haina uwanja, chini ni maduka matupu. Ana IST aliyoinunua mwezi uliopita kwa mtu wa Buzuruga. Anauliza kama kuna kibali cha mkazi cha kuegesha mbele ya nyumba anayoishi, kama kulipa kwa mwezi kuna nafuu kuliko kulipa kwa saa, na kama gari italala salama bila vioo vya pembeni kung'olewa. Halafu mwishoni kabisa anadokeza kwamba dalali aliyemtafutia chumba kamwambia apeleke 150,000 kesho saa kumi jioni pale Makoroboi, maana "ana mtu wake ndani" na kibali kinatoka siku hiyo hiyo.

Hayo maneno ya mwisho hata mimi niliambiwa na dalali wangu, neno kwa neno.

Ilikuwa 2022. Nilipanga mtaa wa Uhuru, chumba cha juu, chini yangu duka la vitenge na la pili la vipuri vya pikipiki. Nilikuwa na Probox. Kazi yangu ilikuwa Nansio, kwa hiyo Jumatatu alfajiri naiacha gari chini ya dirisha langu, napanda meli kwenda Ukerewe, narudi Ijumaa. Siku tano gari imekaa mtaani mchana kutwa. Na Mwanza tunaijua, mji umebanwa, huku majabali huku ziwa. Wenzetu wa Bugando, Isamilo na Mabatini wanapanda ngazi katikati ya mawe mpaka mlangoni, gari inabaki bondeni barabarani. Sisi wa katikati ya mji hatuna mlima, na uwanja pia hatuna. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba ipo karatasi ya kumaliza shida yake, hakuachi umalize sentensi.

Nilimpa huyo dalali 180,000. Baada ya siku mbili akaniletea.

Kabla hamjaanza kunicheka, ile karatasi hata nyie mngeiamini. Ukubwa wa nusu ya karatasi ya kawaida, imebanwa kwenye plastiki ngumu, juu imeandikwa KIBALI CHA MAEGESHO YA MKAZI kwa herufi kubwa, jina langu, namba ya gari, mtaa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Muhuri wa wino wa zambarau, sahihi juu ya muhuri. Na risiti ya kuandikwa kwa mkono akanipa, ya kwenye kile kitabu cha kaboni. Kitabu kama hicho unakinunua duka lolote la vifaa vya ofisi hapo mjini, hilo nilikuja kulifikiria mwaka mmoja baadaye. Wakati ule nilichoona ni muhuri. Nikaiweka nyuma ya kioo cha mbele, upande wa abiria, maandishi yakitazama nje, nikaenda zangu Ukerewe na moyo mweupe.

Sasa sikiliza kilichoniangamiza, maana hapa ndipo na wewe utapotea. Hakuna aliyenigusa. Kila Ijumaa narudi, gari ipo pale pale, hakuna mnyororo kwenye tairi, hakuna karatasi kwenye waipa, ujumbe wa simu sijaona hata mmoja. Nikasema kibali kinafanya kazi. Mama wa duka la vitenge aliniita siku moja, nakumbuka alikuwa anakunja doti la bluu huku anaongea, akasema, "Baba, yule binti wa maegesho kila siku anaipiga picha gari yako." Nikamjibu, "Usijali mama, nina kibali." Akanyamaza, akaendelea kukunja. Ningemsikiliza yule mama siku ile ningeokoa zaidi ya milioni moja. Lakini mimi nilimwamini mtu niliyemlipa nikampuuza mtu aliyekuwa ananisaidia bure.

Yule binti hakuwa na haja ya kuisoma karatasi yangu. Ana mashine yake mkononi, anaingiza namba ya gari, mfumo unaandika siku, saa na mtaa, anaenda kwenye gari linalofuata. Deni linakaa kwenye namba ya gari. Si lazima uwepo, si lazima akufunge mnyororo, si lazima mgombane. Ukipita muda uliowekwa hujalipa, faini inapanda juu ya deni. Wiki kwa wiki, mimi niko Nansio nakula sato na roho yangu imetulia.

Miezi tisa ikapita. Muhuri ulikuwa umeshapaukia mle ndani ya plastiki kwa jua, wa zambarau umekuwa kama doa la chai. Nikaamua kuuza gari nimalizie nyumba Kisesa. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, nilikuwa nataka bati kabla ya mvua za vuli. Nikapata mteja, mwalimu kutoka Magu, mtu mstaarabu. Tukakubaliana 9,500,000. Tukakutana Kirumba kwenye mgahawa, hela anazo benki, kadi ya gari iko mezani, soda mbili zimefunguliwa.

Akatoa simu, kioo kina ufa kuanzia kona ya juu. Akasema, "Samahani kaka, niangalie tu deni." Nikamwambia angalia, haina kitu. Akaingiza namba. Ikatafuta. Halafu nikaona dole gumba lake linasukuma ile orodha juu. Linasukuma tena. Na tena. Kila mstari una tarehe na mtaa: Uhuru, Uhuru, Uhuru. Jumatatu mpaka Ijumaa, kama daftari la mahudhurio. Hakupiga kelele, hakunituhumu. Alinigeuzia simu nisome mwenyewe jumla: 418,000. Nikakimbilia kwenye gari nikachomoa kile kibali nikampa. Akakitazama mbele, akakitazama nyuma, akakirudisha mezani polepole karibu na chupa yangu. Akamaliza soda yake, akalipa zote mbili, akaniaga vizuri, akaenda zake Magu.

Nilimwelewa. Muuzaji akikwambia gari haina deni halafu ukute orodha ile, utajiuliza na injini kadanganya nini.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa watu wa maegesho na plastiki yangu. Dada wa mapokezi akaisoma mpaka mwisho, akaigeuza, akaniuliza swali moja: "Baba, namba ya malipo iko wapi?" Nikampa ile risiti ya mkono. Akatikisa kichwa, kwa huruma kabisa, siwezi kumsingizia. Akaingiza namba ya gari, hakuna kibali chochote mle, kuna madeni tu. Nililipa yote 418,000. Gari nikaja kuiuza miezi miwili baadaye kwa mtu mwingine, 8,200,000, kwa sababu nilikuwa nimebanwa na mvua zilishaanza. Ukuta wa upande wa jikoni ulinyeshewa bila bati mpaka ukapasuka. Weka pamoja mwenyewe: 180,000 ya karatasi, 418,000 ya deni, 1,300,000 iliyopungua kwenye bei. Ni 1,898,000, ukuta sijauhesabu.

Na yule dalali kishoka? Huyo simsamehei. Simu yake ikawa haipatikani tangu siku ile. Nilikuja kugongana naye stendi ya Nyegezi, amebeba begi la abiria, akanitazama usoni akasema, "Kaka, mimi nilikuwa natumwa tu." Natumwa tu! Mtu aliyekula ugali nyumbani kwangu, aliyemshika mwanangu mkono akamwita mjomba, anachukua 180,000 ya baba wa familia kwa karatasi ya kuchapa mwenyewe, halafu anasema anatumwa. Angeniibia redio ningemwelewa. Huyu aliniuzia amani ya moyo ya uongo, na kwa sababu ya amani hiyo nikaacha kuangalia deni miezi tisa. Asingenipa ile karatasi ningelipa kila wiki kama watu wengine na kusingekuwa na faini hata moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa shika hili moja, mengine yote sahau. Kabla ya kutoa shilingi, ingiza namba ya gari kwenye mfumo uone kilichomo. Ukishatoa, ingiza tena uone kama kimebadilika. Kisichoonekana kwenye namba ya gari yako hujakinunua, kiwe na muhuri wa rangi yoyote. Malipo ya serikali yanapita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile kontroo namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99. Unapewa namba, unalipa wewe mwenyewe kwa simu au benki, stakabadhi inarudi kwako. Hela haishikwi na mkono wa mtu njiani. Akikwambia nipe mimi nikalipe, mkuu, simama uondoke.

Usidhani huu ni ushamba wa kwetu. Shemeji yangu anaishi London, huko kibali cha mkazi kipo kweli, unakiomba kwa halmashauri ya eneo lako kwa uthibitisho wa anwani na kadi ya gari. Lakini anasema kwao hata karatasi ya kubandika haipo tena. Askari wa maegesho anaingiza namba ya gari tu, kama yule binti wetu. Na kibali chenyewe hakikutengei nafasi, unaweza kuwa nacho na bado ukazunguka mitaa mitatu. Nilipomsimulia habari ya plastiki yangu alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani imekatika.

Kuna mchangiaji hapo juu kakushauri uende kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua ya ruhusa. Kwa heshima zote, mwenyekiti anaweza kukuandikia barua ya utambulisho kwamba unaishi pale, na itakufaa. Ila barabara si yake. Za mitaa kama hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, na zile kubwa za kwenda Musoma na Shinyanga ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ukiwa Pamba uko wilaya ya Nyamagana, kwa hiyo pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya TARURA ya wilaya hiyo. Peleka barua ya mwenyekiti na nakala ya kadi ya gari, uliza dirishani kama nafasi unayoitaka inaruhusiwa. Wakisema ndiyo, omba namba ya malipo yenye namba ya gari yako. Wakisema hapana, umepoteza nauli ya bodaboda basi.

Na hiyo IST! Umeandika umeinunua mwezi uliopita na hukusema kama uliangalia deni. Yule wa Buzuruga anaweza kuwa alikuwa analaza gari mjini miaka miwili, na deni likibaki kwenye namba utalikuta wewe. Nakuomba leo hii, kabla hujalala, piga *152*00#, fuata menyu mpaka ufike kwenye maegesho, weka namba ya gari. Ukikuta kitu, mpigie aliyekuuzia wakati bado anapokea simu zako.

Kesho saa kumi kama lazima uende Makoroboi, nenda mikono mitupu. Mwambie dalali: nipe namba ya malipo ya gari yangu, nalipa mwenyewe kwa simu hapa hapa mbele yako. Usiongeze neno, mwangalie usoni. Halafu rudi hapa utuandikie alichojibu. Mimi niko Sengerema mpaka Jumapili na mtandao unashika, nitakuwa naufuatilia huu uzi.