Kigari cha mtoto cha magurudumu matatu: anza na njia yako

Kigari changu cha kwanza kilinidumu wiki tatu. Nilikinunua Kariakoo mwanangu alipofikisha miezi mitano: cha magurudumu manne, vigurudumu vya plastiki visivyozidi kifuniko cha chupa ya chai. Dukani, juu ya vigae, kilikwenda kwa kusukumwa na kidole kimoja. Sisi tunakaa Goba, na kutoka getini kwetu mpaka kwenye lami ni mchanga mwekundu na kokoto, njia ambayo kila masika huchimbika mifereji upya. Siku nilipompeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, magurudumu ya mbele yalizama mchangani kabla sijapita nyumba ya tatu, yakajigeuza ubavu, kigari kikagoma. Nikakigeuza nikawa nakivuta kinyumenyume kama mkokoteni. Mtoto alifika kliniki uso umejaa vumbi, nami mikono inatetemeka.

Mama yangu alikuwa na jibu lake toka mwanzo. "Mwanangu, mtoto mahali pake ni mgongoni." Sibishani naye. Mbeleko naiheshimu, na mpaka leo nikipanda daladala ndiyo ninayotumia. Lakini nilijifungua kwa upasuaji, mgongo ukabaki na maumivu yake, na mtoto alikuwa ameshapita kilo nane. Kilomita moja na nusu kwenda, kilomita moja na nusu kurudi, jua la saa tano kichwani. Nilihitaji kitu cha kusukuma. Ndipo nikaanza kuulizia vigari vya magurudumu matatu, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani mtu angeniambia kabla sijatoa hela mara ya pili.

Kwanza, kwa nini matatu? Angalia mafiga. Mafiga matatu yanatulia hata uwanja ukiwa na mabonde, maana ncha tatu hugusa chini zote kwa pamoja. Meza ya miguu minne ukiitoa nje inacheza mpaka uichomekee kijiti mguu mmoja. Kigari ni vivyo hivyo. Kwenye njia mbovu, cha matatu kinakanyaga kwa magurudumu yote muda wote, na ukikuta jiwe au mfereji unabonyeza mpini kidogo, gurudumu la mbele linanyanyuka, unapita. Tena magurudumu yenyewe huwa makubwa, mara nyingi inchi 12 mbele na 12 hadi 16 nyuma, na gurudumu kubwa halizami mchangani upesi. Asili yake ni baiskeli kweli: mwaka 1984 mkimbiaji mmoja wa Yakima, jimbo la Washington huko Marekani, Phil Baechler, alifunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari ili aweze kukimbia na mwanawe. Aina hii ilitengenezwa kwa ajili ya njia na mwendo, na ndiyo sababu inatufaa sisi tusio na lami mlangoni.

Upande wa pili wa jambo hili, wakazi wa Dar hatuhitaji kuelezwa sana, tumeona bajaji. Bajaji ikikata kona kwa kasi inalalia ile pembe ya mbele isiyo na tairi. Kigari cha matatu kina pembe hiyo hiyo, kulia na kushoto. Kwa hiyo kona kata polepole, na ukishuka ukingo wa barabara usishuke mshazari. Geuka, shuka kinyumenyume, magurudumu ya nyuma yatangulie yote mawili kwa pamoja.

Kuna jambo moja zaidi la gurudumu la mbele ambalo sikulifikiria hata kidogo, nikalijua nyumbani kwa dada yangu, Tabata. Mbele ya geti lake kuna mtaro, na juu ya mtaro wamelaza mbao mbili sambamba, katikati pana nafasi ya shubiri moja. Kwa miguu unapita bila kuwaza. Nilikuwa nasukuma huku naongea na dada, macho yangu yako kwake. Magurudumu ya nyuma yangepita juu ya mbao bila shida, lakini la mbele liko katikati, na katikati hapakuwa na kitu. Likatumbukia mpaka kwenye ekseli. Mpini ukaniruka mkononi, kigari kikainama mbele, mwanangu akaning'inia kwenye mikanda huku kofia yake ikidondokea kwenye maji machafu. Hakuumia. Alinitazama kimya, akaanza kulia pale nilipoanza kulia mimi.

Kilichomshika ni mikanda ya sehemu tano: mabega mawili, nyonga mbili, na mmoja unaopita katikati ya mapaja. Ule wa katikati ndio uliomzuia asichomoke kwa chini. Ukikuta kigari chenye mkanda wa kiunoni peke yake, hata kiwe kizuri namna gani, kiache. Na mikanda yenyewe ifunge kila safari, hata ya dukani hapo kwa jirani.

Ndiyo maana nasema anza na njia yako kabla ya duka. Chukua futi ya kupimia. Pima upana wa geti dogo la waenda kwa miguu, mlango wa sebuleni, na mlango wa chumba ambamo kigari kitalala. Vya matatu hutanuka nyuma ili visipinduke, vingi vinapita sentimita 60. Hesabu mitaro unayovuka na uangalie imefunikwa na nini. Halafu jiulize utapanda nacho nini. Mimi siku za kliniki ya mbali napanda bajaji, kwa hiyo nilimwomba dereva wa kijiweni kwetu anisubiri nipime nafasi ya nyuma. Kigari kikikunjwa kinaingia pale nyuma ya siti, lakini mpaka magurudumu mawili ya nyuma yachomolewe. Huo ni utaratibu ambao mtu anatakiwa aujue mapema, siyo siku ya mvua na mtoto mkononi. Kinyanyue pia. Vingi vina kilo kati ya 9 na 14, na kama una ngazi, au una mshono wa upasuaji, kilo hizo utazisikia.

Sasa gurudumu la mbele. Yapo ya aina mbili: linalozunguka huku na huku, na lililofungwa likatazama mbele tu. Linalozunguka ni raha sokoni na ndani ya nyumba. Lililofungwa ni la njia mbovu, mteremko na kukimbia, kwa sababu linalozunguka likigonga kokoto mwendo ukiwa mkali linaweza kutikisika na kugeuka ghafla. Kinachofaa zaidi ni kigari chenye kitasa cha kuchagua: fungua, funga. Kijaribu kitasa hicho mwenyewe kwa mkono wako mara kadhaa. Changu cha sasa kinabana vizuri, ila nilichokikuta kwanza kwenye mtumba kitasa kilikuwa kinaruka kila gurudumu likiguswa, nikakirudisha palepale.

Na hakikisha gurudumu hilo limeshikwa. Kwenye vigari vingi linachomoka kwa klipu kama ya baiskeli, ya kukaza kwa mkono. Mwaka 2018 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliishtaki kampuni ya Britax kuhusu vigari vya BOB vya magurudumu matatu, karibu laki tano, ikisema klipu hiyo isipokazwa sawasawa gurudumu linaweza kuchomoka njiani. Kesi iliisha mwaka huohuo kwa makubaliano, kampuni ikakubali kuwaelimisha wenye vigari na kuwapa vifaa vya kubadilisha. Silitaji hili ili uogope, nalitaja kwa sababu vigari vingi vya mtumba vinakuja kutoka huko bila kitabu cha maelekezo. Kila asubuhi kabla sijatoka naliinua gurudumu la mbele, nalivuta kwa nguvu, nalitikisa. Sekunde tano.

Kuhusu matairi nina mengi ya kusema, maana nimekaa sana kwa fundi pancha. Yapo ya upepo na yapo ya raba nzima yasiyojazwa. Ya upepo yanameza mitikisiko, mtoto analala njia nzima. Yale ya raba nzima hayajui pancha, lakini kwenye kokoto mtoto anatikisika mpaka mashavu yanacheza. Mimi nilichagua ya upepo, na mwezi wa kwanza nikapata pancha mbili, za miiba. Fundi wetu wa kona, anayehudumia bodaboda, alilitazama tairi akasema, "Dada, tyubu ya kigari sina. Ila soma hapa ubavuni." Imeandikwa 12 ½ x 2 ¼. "Hii ni saizi ya baiskeli ya mtoto mdogo." Akatoa tyubu ya baiskeli, ikaingia. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kipi, namwambia asome namba ya ubavuni kwanza, kisha aende kwa fundi wake aulize kama tyubu ya saizi hiyo ipo. Kigari chenye tairi la saizi ya peke yake kitakulalia ndani siku ya pancha ya kwanza.

Angalia na valvu. Vingi vina valvu kama ya pikipiki, kwa hiyo pampu yoyote ya gereji inaingia. Hatari iko kwenye kompresa. Kitairi kidogo hujaa kwa sekunde chache, na kijana mmoja wa gereji alinijazia bila kupima, tairi likapasuka kwa mlio nilioudhani ni risasi. Bahati mtoto nilikuwa nimemshusha. Kipimo cha mwisho cha upepo kimeandikwa palepale ubavuni. Mwonyeshe fundi kabla hajawasha mashine, au jaza kwa pampu ya mkono kama ninavyofanya sasa.

Breki ijaribu kwa uzito. Weka mfuko wa mchele wa kilo 10 kwenye kiti, fika penye mteremko, kanyaga breki, achia huku mkono ukiwa tayari. Kisisogee hata kidogo, na breki moja ishike magurudumu yote mawili ya nyuma. Goba ni milima, kwa hiyo nilitafuta pia chenye kamba ya kufunga kwenye kiganja, ili hata mkono ukiteleza kigari kisiniache.

Ukinunua mtumba, kama nilivyofanya mimi kwa shilingi 180,000, fungua kitambaa uangalie lebo iliyoshonwa chini ya kiti. EN 1888 ni kiwango cha Ulaya, ASTM F833 ni cha Marekani. Lebo pia huonyesha uzito wa mwisho wa mtoto, mara nyingi kilo 15, vingine 22. Kikunje na ukikunjue mara kumi, usikilize kufuli inapolia. Kagua bawaba: Novemba 2009 kampuni ya Maclaren iliviita vigari vyake karibu milioni moja huko Marekani virekebishwe kwa sababu bawaba zilikata ncha za vidole vya watoto, kwa hiyo mtoto asiwe karibu unapokunja kigari chochote. Zungusha magurudumu, beringi ikikwaruza utaisikia. Sisi wa pwani tuangalie pia kutu kwenye bolti.

Umri nao una maana yake. Mtoto mchanga anatakiwa alale chali, na viti vingi vya vigari vya kukimbilia havilali mpaka chini. Mpaka shingo ikaze na aweze kukaa, mbebe. Kukimbia naye ndiyo kabisa, watengenezaji wengi wanataka afike miezi sita, wengine minane.

Halafu naomba hili akina mama wenzangu mnisikie: usifunike kigari kwa kanga ili kuzuia jua. Hewa inakwama, joto linapanda mle ndani na wewe uko nje humwoni. Tumia kivuli chake, tembea mapema, saa moja asubuhi au jioni. Na mkoba usiutundike kwenye mpini. Ukimtoa mtoto kitini, kigari kinaanguka chali na kila ulichonunua. Uweke kwenye kapu la chini.

Mwanangu sasa ana miaka miwili na nusu, anataka kutembea mwenyewe, na kigari kimepumzika ukumbini. Wiki iliyopita jirani yangu mjamzito aliniomba nimwachie. Kabla sijamjibu tulitoka na futi mpaka getini kwake. Geti lake dogo lina sentimita 61. Kigari changu kina 64. Amemwita fundi wa kuchomea aje kuliongeza geti Jumamosi, na tyubu mbili za akiba nimeshampa.