Fidia ya msitu Brazili: sio kila aliyefyeka anaruhusiwa

Uliyeuliza kama mwenye shamba Brazili akishafyeka anaweza kufidia kwa msitu wa mtu mwingine, ndio inawezekana ila inategemea alifyeka lini. Sheria yao ya misitu ya 2012 inamtaka aache uoto wa asili kwenye sehemu ya shamba lake, 80% akiwa kwenye msitu wa Amazon, 35% kwenye serado (savana ya Brazili, nyasi na miti iliyotawanyika) iliyoko ukanda huohuo wa Amazon, kwingine 20%, sasa kama alishafyeka kabla ya 22 Julai 2008 na ana pungufu anaweza kupanda, kuacha ijiotee yenyewe, au kufidia kwa eneo la ukubwa uleule kwenye baiomu hiyohiyo (yaani ukanda mkubwa wenye aina moja ya uoto na hali ya hewa), mfano akakodi kwa mtu aliyebakiza zaidi ya kiwango. Waliofyeka baada ya hapo hawana huo mlango, warudishe palepale.

Kinachoniuma ni hiyo baiomu jamani, Serado peke yake ni kama kilomita za mraba milioni 2! Yaani chemchemi inaharibika kwenu, fidia inaenda huko mbali kabisa. Na msitu unaolipiwa unaweza kuwa haukuwa hata hatarini, umelipiwa tu ubaki ulivyo, hakuna mti mpya ulioota.