Ami Anajibu: "Pape" ya Kwenye Chupa si Papa wa Nazi

Ami, shikamoo. Mie ni weita kwenye hoteli moja huku Nungwi, nna mwaka na miezi sasa. Juzi kaja mgeni na mkewe wakaagiza waini nyekundu ya Kifaransa, ile ghali kuliko zote kwenye menyu, imeandikwa Châteauneuf-du-Pape. Mke akaniuliza inakwenda na chakula gani, mie kutupa jicho pale mwisho naona "Pape", nikamjibu hapohapo madam hii inakwenda na papa, na kweli siku ile jikoni kulikuwa na papa wa nazi. Yule mzee akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu nilipommiminia akaonja, akasema imekuwa vuguvugu kama chai ya jana, akairudisha. Meneja anasema ntakatwa mshahara. Ami, hiyo waini ina nini mpaka iuzwe bei ile, na kosa langu liko wapi? Mie mwenyewe pombe situmii. (Weita, Nungwi)

Marahaba mwanangu. Na mie nimecheka, usinichukulie vibaya, maana nimefanya kazi ya meza miaka mingi pale Mji Mkongwe na mie pia tone sijapata kutia mdomoni, na niliyoyakosea ni makubwa kuliko papa. Najua kuna atakayesema jarida limeanza kufundisha ulevi. Hapana, kijana kauliza kitu cha kazini kwake, na la halali na haramu wenyewe masheikh wapo.

Sasa skiza. Papa huyo si wa Darajani aliyekaushwa kwa chumvi, ni Papa wa Wakatoliki. Mwaka 1309 mapapa walihama wakaenda kukaa Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa kwenye mto Rhône, wakakaa huko mpaka 1377. Mmoja wao, Yohana wa 22, akajenga ngome ya kupumzikia wakati wa joto kwenye kijiji cha juu kilimani, njia ya kwenda mji wa Orange, na kule akatilia mkazo mashamba ya mizabibu. Ndo jina lenyewe hilo, "Ngome Mpya ya Papa". Ukenda leo utakuta kipande tu cha ukuta kimesimama, kwani vita vya pili vya dunia vikiwa vinaishia, mwaka 1944, Wajerumani waliripua mnara uliokuwa umebaki. Ukiishika ile chupa, kwenye nyingi utaona kwenye kioo chenyewe, si kwenye lebo, kumefinyangwa kofia ya papa na funguo zake. Siku nyingine mgeni akiuliza, ukiiona mwonyeshe hapo kwa kidole, hutakosea.

Bei sasa. Hapa ndo watu wengi hawaelewi, wanadhani Mfaransa anauza jina la kampuni au jina la zabibu. Anauza mahali. Shamba likiwa nje ya mpaka hata kwa hatua mbili, zabibu zikiwa zilezile, mkulima yuleyule, jina hilo haandiki. Na mahali penyewe ukipaona utasema hapa hata muhogo hautoki, sehemu nyingi pametandazwa mawe ya mviringo kama viazi vikubwa, mengine makubwa kama kichwa cha mtoto, yaliyoletwa na mto zama za kale, udongo huuoni. Mchana yale mawe yanakunywa jua, usiku yanatoa joto lake taratibu kwenye mizabibu, na chini yake unyevu unabaki. Halafu kuna upepo wao wanauita mistral, unatoka kaskazini, mkavu na mkali, ukivuma unavuma siku kadhaa mfululizo, sie tunaojua kusi likichacha tunaweza kuukisia. Upepo ule unakausha majani kwa hiyo ukungu haupati pa kukaa. Jua jingi, mawe, upepo, zabibu zinaiva sana, sukari inakuwa nyingi na sukari ndo inayogeuka kileo, ndo maana sheria yao inataka kileo kisipungue asilimia 12.5 na chupa nyingi zinapita 14. Kwa hiyo mgeni akiimaliza peke yake, mwitie taksi.

Zabibu kubwa ya pale inaitwa Grenache, inachukua kama robo tatu ya mashamba, lakini wanaruhusiwa kuchanganya za aina 13, kama mama anavyotia bizari zake kwenye pilau, kila nyumba na kipimo chake. Kuchuma ni kwa mkono, mashine marufuku. Na hekta moja wanaruhusiwa kutoa kama lita 3,500 tu, ukizidisha umeharibu jina.

Sheria hizo hazikuanguka kutoka mbinguni, zilitokana na wizi. Zamani wajanja walikuwa wanachukua waini ya kwengineko wanaiuza kwa jina la kijiji, ni sawasawa na mtu kukutilia makonyo, vile vijiti vyake, kwenye gunia la karafuu akakwambia daraja la kwanza. Wakulima wakachoka wakamfuata mwenzao mmoja, Baron Le Roy wa Château Fortia, aliyekuwa mwanasheria na tena rubani wa vita vya kwanza. Mwaka 1923 wakaandika masharti, na moja lao mie hulipenda sana, walisema mpaka wa shamba uwe pale panapoota lavenda na zaatari, yaani ardhi kavu, masikini, isiyofaa kitu kingine. Mwaka 1936 serikali ikaanza kuyatambua majina ya mahali kwa sheria na kijiji kile kikawa miongoni mwa vya mwanzo kabisa.

Wana na vituko vyao. Mwaka 1954 Ufaransa nzima ilishikwa na homa ya vyombo vinavyoruka kutoka anga za mbali, meya wa kijiji akatoa amri rasmi kwamba chombo chochote cha aina hiyo kikitua kwenye ardhi ya kijiji kitakamatwa papo hapo. Sie tulikesha nje kwa kuogopa jini Popobawa mwaka 1995, kwa hivyo tusiwacheke sana.

Sasa kosa lako. La papa ni dogo. Waini nzito nyekundu kama ile haikai na samaki wa nazi, ukali wake unapigana na samaki, mgeni anabaki na ladha kama ya chuma mdomoni, ndo wanavyoniambia. Ina ukakasi, ule ule unaoujua wewe ukila bibo, unakamata ulimi, na kinachoutuliza ni nyama yenye mafuta. Mpe kondoo, mpe mbuzi wa kuchoma, mpe ng'ombe aliyepikwa taratibu.

Kosa lililokurudishia chupa ni joto, na hilo nakwambia wazi si lako, ni la aliyeipanga ile rafu ya chupa. Najua hoteli zetu, chupa zimesimamishwa kwenye shelfu nyuma ya baa, mgongo umeegemea ukuta wa jikoni, taa ya rangi inawaka juu yake mchana kutwa. Vitabu vinasema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, bosi anasoma anaiacha palepale. Lakini chumba kinachosemwa ni chumba cha Ulaya, cha mawe, wakati wa baridi, digrii 16 mpaka 18. Chumba cha Nungwi mwezi wa pili ni 30 na zaidi! Kwenye joto hilo kileo kinapanda puani na utamu wote unapotea. Itie kwenye friji saa moja na zaidi kabla ya kuifungua, hata kama mwenzako atakucheka. Chupa zilazwe, kizibo kisikauke, ziwe mbali na jua na jiko. Ikiwa ya zamani isimamishe tangu jana yake, mashapo yakae chini, na unapomimina usiitikise.

Na ukimmiminia kidogo yule aliyeagiza, hapo humuulizi kama anaipenda. Anaangalia kama imeharibika. Iliyoharibika na kizibo inanuka kama boksi lililorowa mvua, utaijua hata bila kuonja, ipitishe puani tu. Hiyo irudishe mwenyewe kabla hajasema. Mshahara wako mwambie meneja nimesema mie, rafu si yako.

Ami, chei chei. Mie wa Wete. Nasikia Wafaransa wanapanda mizabibu kwenye mawe matupu na wanatajirika. Nna shamba la mawe limenishinda, nikipanda mizabibu yao Pemba itakubali?

Chei chei. Mawe unayo, ulichokosa ni ukame na baridi. Mzabibu unataka msimu wa kulala, na zabibu zikikaribia kuiva hazitaki mvua, wewe una masika na vuli na unyevu mwaka mzima, ukungu utazimaliza kabla hujaonja hata moja. Wenzetu wa Dodoma wanazipata kwa sababu kwao kukavu. Hapo kwenye mawe jaribu mastafeli au mikorosho, na zile karafuu ulizonazo usizikate.