Nchi ya kwanza kwa furaha, na mimi nalia Desemba

Kila Machi, ripoti ya furaha duniani ikitoka, mtoto wa kaka yangu hunitumia ujumbe wa WhatsApp kabla sijatoka nyumbani. "Shangazi, mmeshika namba moja tena! Hivi huko mnakula nini?" Finland imeishika nafasi hiyo tangu 2018 hadi 2025, miaka 8 mfululizo. Na kila mara ujumbe wake unanikuta hapa Oulu natafuta glovu ya pili, huku barafu ya Novemba bado imeng'ang'ania ngazi za nje kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Sasa kijana anataka kuja. Ameshaanza kujaza fomu za chuo. Nimeona heri nimjibu kwa kirefu, na wengine wenye wazo kama lake wasome humu humu.

Kwanza hiyo namba moja. Hakuna mtu anayezunguka Finland akihesabu watu wanaocheka. Wangehesabu hivyo, nchi hii isingevuka hatua ya makundi. Gallup, kampuni ya kura za maoni, huuliza watu kama elfu moja kwa kila nchi kila mwaka: chukulia kuna ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote, je, leo wewe umesimama kipandio gani? Wastani wa majibu ya miaka mitatu ndio unaopanga nchi. Neno furaha liko kwenye jalada, ndani ya swali halimo. Na hao Wafini wanaoongoza, wastani wao haujawahi kufika hata 8.

Mimi nahudumia wazee, kwa hiyo watu wa kuwauliza ninao. Siku moja wakati wa kahawa nikamuuliza mzee mmoja wa miaka themanini na kitu. Alitafakari mpaka kahawa ikapoa. "Nane," akasema. "Magoti yamechukua moja. Mke wangu alipokufa akaondoka na nyingine." Kisha akarudi kwenye gazeti lake, na siku ile hakusema tena.

Jumapili yake nikampigia mama yangu kule Kibaha. Majirani wamejaa barazani, nasikia vikombe na vicheko. Nikamweleza habari ya ngazi. Akauliza, "Ya kupanda au ya kushuka?" Baraza zima likaangua kicheko. Nikangoja. Baadaye nikasikia kandambili zikisogea pembeni, na sauti ikashuka. "Nne, mwanangu. Dawa za sukari zimeisha tangu Alhamisi, sikutaka kukusumbua." Haikupita hata dakika, keshakaa tena na wenzake, anacheka.

Nimeifikiria simu ile mara nyingi. Mzee wangu wa nane sikuwahi kumsikia akicheka wiki ile. Mama yangu wa nne hakukaukiwa na kicheko. Ukiwapanga kwa raha, mama anashinda asubuhi na mapema. Ukiwapanga kwa kulala usingizi bila kuwaza kesho, mzee anashinda. Wafini wenyewe, ukiwauliza habari ya hiyo ripoti, hushtuka kidogo na kusema wao hawako hivyo. Neno wanalolikubali ni *tyytyväinen*, yaani mtu aliyeridhika. Ni hali ya mtu asiyedaiwa: hachezi ngoma, lakini mlango ukigongwa hajifichi.

Hali hiyo inatoka wapi? Nilipokuwa mjamzito nilianza kliniki, wanaiita *neuvola*, bure. Baadaye likaja boksi. Nikalifungulia hapo hapo kwenye mkeka wa sebuleni: nguo za mtoto za saizi kadhaa, ovaroli ya theluji, kofia, begi la kulalia, na chini yake kigodoro. Boksi lenyewe unaweza kulifanya kitanda, na mwanangu alilala humo. Serikali yao ilianza kuyatoa mwaka 1938, wakati Finland ilikuwa nchi masikini na watoto wachanga wakifa wengi. Mwanzoni kwa akina mama wasio na uwezo, na tangu 1949 kwa kila mama. Sharti kubwa, uwe umeonwa kliniki kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha. Akili iliyotumika hapo naipenda. Mama anafuata boksi, daktari anampata mama.

Mwaka huo huo dada yangu alijifungua Dar. Alipewa orodha: glovu, pamba, wembe, beseni, mpira wa kutandika, kanga. Aliikusanya kidogo kidogo tangu mwezi wa saba, na usiku wa uchungu bado glovu zilipungua, shemeji akatoka mbio kutafuta duka la dawa lililo wazi. Leo anaisimulia kama kichekesho, tena anaisimulia vizuri. Lakini usiku ule alikuwa kipandio cha ngapi?

Wala usidhani hapa hakuna giza. Kwanza lipo la macho. Desemba hapa Oulu jua linachomoza kama saa nne na nusu asubuhi, saa nane mchana limeshazama, na hata hapo katikati linachungulia tu juu ya miti. Kaskazini zaidi, Utsjoki, halichomozi kabisa kwa zaidi ya wiki saba. Kipindi hicho wanakiita *kaamos*. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani nimelogwa. Nalala muda wa saa kumi na mbili naamka nimechoka, nakula wanga mchana kutwa, nalia kwenye basi bila kufiwa. Muuguzi wa chuo aliponiona swali lake la kwanza lilikuwa: vitamini D unameza? Maziwa ya hapa huongezwa vitamini hiyo, lakini mimi maziwa sinywi.

Giza la pili ni la upweke, na hili taa hailiwezi. Karibu nusu ya kaya za nchi hii zina mtu mmoja tu. Nimefanya kazi mikesha ya Krismasi ambayo mgeni pekee wa bibi mmoja nilikuwa mimi, nimevaa sare, nina wazee wengine sita wananisubiri. Mwaka 1990 watu kama 1,500 walijiua hapa, katika nchi ya watu milioni 5. Hawakulifanya siri. Walichunguza kimoja kimoja vifo vya namna hiyo vya mwaka mzima, wakaandaa mpango wa nchi nzima, na leo idadi ni kama nusu ya ile. Bado ni wengi. Kwa hiyo ukija ukaona moyo unazama, sema mapema, nenda kliniki. Hapa hakuna atakayekwambia ujikaze.

Sasa maagizo yangu, mwanangu. Vitamini D anza Oktoba, usisubiri kulia. Saa sita mchana toka nje hata kama ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Utapishana na bibi wa miaka sabini juu ya baiskeli, kwenye theluji, na aibu itakutoa. Kituo cha basi watu watasimama mbali na wewe. Usiseme ni ubaguzi papo hapo, maana wanasimama mbali hata wao kwa wao. Ubaguzi upo, nimekutana nao, na ukija utautambua: huo hausimami mbali, husogea karibu na kusema.

Jirani hatakuja kukujulia hali. Nilingoja miezi mitano nikiwa na chai kwenye chupa kila Jumamosi, kama tulivyolelewa, mgeni asikute nyumba kavu. Hakuja mtu. Kilichonifungulia jengo lile ni *talkoot*, na hiyo ukiiona utacheka kwa sababu ni msaragambo mtupu. Mwezi Mei wapangaji wote wanatoka na mareki na mifagio, wanazoa kokoto zilizomwagwa wakati wa barafu, kisha wanachoma soseji. Nilishika ufagio. Mwanamke wa ghorofa ya tatu, ambaye hakuwahi kunijibu salamu, akaniuliza kama kwetu kuna theluji. Nikamwambia ipo, juu ya Kilimanjaro. Wiki iliyofuata akanialika sauna, kile chumba chao cha joto na mvuke.

Sauna usiikatae. Nchi ina watu milioni 5.6 na sauna kama milioni 3, na humo ndimo Wafini wanakozungumza. Nilikwenda na aibu zangu zote. Gizani, kwenye mvuke, mama yule wa ghorofa ya tatu alinisimulia talaka yake yote mpaka nikasahau kuwa siko kwa msusi.

Kifini anza kujifunza huko huko, hata maneno kumi kwa siku. Wenye kuishi hapa miaka mingi kwa Kiingereza peke yake nawaona; kazi wanayo, fedha wanayo, na Jumamosi hawana pa kwenda.

Bibi yako nitaendelea kumtumia hela ya dawa, ila ukishaondoka wewe, tafuta mtu wa kwenda kuhakikisha kwamba zimenunuliwa. Akiulizwa atasema zipo.

Na koti usinunue sokoni Karume. Mitumba ipo hata huku, maduka yake yanaitwa *kirpputori*, na makoti yao yameshapimwa na baridi yenyewe. Nafasi ya koti kwenye begi jaza dagaa wa Kigoma. Uwanja wa ndege samaki wanaruhusu mpaka kilo 20, nyama watakunyang'anya.