Kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya vyura hapa Bukavu

Mwanafunzi mpya akifika Kahuzi-Biega, hifadhi yetu ya taifa huku mashariki mwa Kongo, hukimbilia maji. Anamulika tochi ukingoni mwa kinamasi, maana shuleni tulifundishwa yai, kiluwiluwi, chura. Huku mlimani anzeni na majani yaliyoanguka chini.

Chukueni chura aitwaye Arthroleptis adolfifriederici. Jina lake linatokana na Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mwanamfalme wa Kijerumani aliyeongoza msafara Afrika ya Kati mwaka 1907 na 1908. Mambo ya enzi hizo. Chura mwenyewe ni wa misitu ya milima ya huku kwetu na nchi jirani, tena hukaa chini kabisa, kwenye majani yanayooza. Bwawa halimhusu. Mayai hutagwa kwenye udongo wenye unyevu, na kinachotoka humo ni chura mdogo aliyekamilika, hakupitia kiluwiluwi. Ukihesabu viluwiluwi tu utaandika kwamba hayupo, na huku umemkanyaga.

Kumpata ni kazi ya masikio. Dume hulia kwa sauti nyembamba, na wageni wengi hudhani ni nyenje wakapita. Zimeni tochi, nyamazeni. Wawili wasimame mbalimbali, kila mmoja anyooshe mkono kule anakosikia mlio. Mielekeo ya mikono inapokutana, hapo ndipo pa kufukua, jani moja moja, bila pupa. Mkimshika, tazameni kidole cha tatu cha mguu wa mbele: kikiwa kirefu kupita kiasi, ni dume. Andikeni hapo hapo saa, mwinuko na alikuwa juu ya nini. Picha baadaye.

Glavu mpya kwa kila chura, hata mkichekwa. Kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis ameangamiza vyura Amerika ya Kati na Australia, naye husafiri kwa maji na tope. Kwa hiyo buti zilizotoka msitu mwingine, kama Itombwe, zisiingie Kahuzi kabla ya kusuguliwa, kutiwa dawa na kukauka.

Kibali cha ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi, kitafuteni kabla ya kulipia gari la Tshivanga, kwenye makao ya hifadhi. Msituni mtangulizeni mwenye kujua njia, hata kama diploma ni yenu.

Na msipange kazi ya kusikiliza kati ya Juni na Agosti. Majani huwa yamekauka, milio ni michache. Miezi hiyo andikeni ripoti, mfue na soksi.