Kitabu cha Simu na Duka Letu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kwa nini bado nalipa kodi ya duka letu la vitabu hapa Kisumu ilhali watu wanasoma kwenye simu, na kwa nini nisiuze vitabu vya kielektroniki kama wengine.

Ningependa sana kuviuza. Mwanafunzi wa Maseno anayepata kitabu chumbani mwake usiku wa manane namfurahia sawa na yule anayeingia kwangu. Tatizo ni kwamba biashara ile haikumwachia nafasi mtu kama mimi. Cha karatasi nanunua kwa mchapishaji kwa punguzo, naongeza faida yangu kidogo, namuuzia mteja. Cha kielektroniki anakiuza mwenye programu, tena kwa kawaida anakitia kufuli kisomeke kwenye programu yake tu. Mnunuzi naye mara nyingi hupewa ruhusa ya kusoma, basi. Hawezi kukiuza tena wala kumwachia mdogo wake. Tangu Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni la Marekani, ilete Kindle, kifaa cha kusomea vitabu, mwaka 2007, anayenunua kifaa hicho huwa ameshachagua duka kabla hajachagua kitabu.

Halafu kuna bei. Miaka ile ya mwanzo Amazon iliuza vitabu vipya vingi kwa dola 9.99, hata pale ilipomlipa mchapishaji zaidi ya hapo. Kampuni inayouza kila kitu inaweza kuvumilia hasara hiyo miaka na miaka. Mimi hasara ya riwaya moja naifidia kwa madaftari mangapi?

Hata Marekani kwenyewe wenye maduka madogo wamehangaika. Mwaka 2010 Google iliwapa njia ya kuuza vitabu vya kielektroniki kupitia tovuti zao wenyewe. Mwaka 2012 ikatangaza kwamba inaachana na mpango huo, na mwanzoni mwa 2013 ukafungwa. Ukipanga katika uwanja wa mtu, siku akiutaka uwanja wake unahama.

Lakini pigo kubwa kwangu halikutoka kwenye simu. Unakumbuka Januari zetu, foleni ya wazazi hadi nje, kila mmoja na orodha ya shule mkononi? Mwaka 2018 serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji hadi shule za umma. Watoto ambao wazazi wao hawakuweza kununua walipata vitabu, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ila fedha za kiada ndizo zilizoniwezesha kuweka hadithi za watoto, riwaya za Kiswahili na vitabu vya Kidholuo ambavyo huchukua mwaka mzima kupata mnunuzi. Kitabu cha simu kimetukuta mifuko imeshatoboka.

Na wengi hawanunui hata hicho cha simu. Wanatumiana PDF za wizi kwenye magrupu ya WhatsApp, riwaya ya mwandishi wetu ikizunguka mji mzima bila yeye kuona shilingi. Hilo linaniuma kuliko Amazon. Amazon walau inamlipa mwandishi.

Kwa hiyo duka silifungi. Mzazi bado anataka kufungua kitabu, asome ukurasa mmoja na mtoto wake, aniulize kama kinamfaa wa darasa la nne. Kazi hiyo naijua, na watu wananirudia kwa ajili yake.

Wewe uliyeko Nairobi nisaidie jambo moja. Watembelee wachapishaji wetu, uwaulize kama wanaweza kutuuzia kadi zenye namba za siri, kama zile za kukwangua za muda wa maongezi. Mteja analipa kwangu kwa M-Pesa au taslimu, anapata namba, anapakua kitabu, nami nabaki na kamisheni yangu. Uliza ni asilimia ngapi watatuachia, na kama kitabu kitafunguka kwenye simu yoyote. Wakikubali kuzungumza, nipigie nipande basi la usiku.

Mama yako